Mimba ya miezi mitano, gego linapwita na shavu limejaa: ling'olewe au nisubiri nizae?

Binti Konde (mwenye uzi)

Assalaam aleykum wapendwa. Naomba ushauri, khasa kwa waliowahi kufikwa na jambo hili, na kama humu kuna mtu wa spitali ndio bora zaidi.

Nina mimba ya miezi mitano, ya kwanza. Nipo Konde, Pemba. Nina gego la chini kushoto lililotoboka tangu nipo skuli. Siku zote lilikuwa likinichoma nikinywa kitu baridi, basi, linapita. Tangu mimba kuingia ndio limeamka. Mchana nastahamili, lakini usiku nikiweka tu kichwa kwenye mto linaanza kupwita mpaka sikioni. Leo nimeamka shavu limejaa, na nikibonyeza ufizi kunatoka maji ya chumvichumvi yenye harufu. Tena fizi zote, hata za upande usiouma, zinatoka damu nikipiga mswaki.

Mavyaa wangu hataki hata kusikia habari ya kung'oa. Anasema mwenye mimba hang'olewi jino, ganzi inamshukia mtoto na damu haikati. Mama yangu mzazi anasema nende. Bwana yuko Oman kazini, nikimpigia simu ananambia "sikiliza wakubwa", na wakubwa ndio hao wanaobishana.

Wifi yangu kanipa vidonge vya diklofenaki vilivyobaki alipoumwa na mgongo. Sijameza, nimeviweka tu. Na chupa ya mafuta ya karafuu ipo, kama kila nyumba huku kwetu. Nifanye nini?

Mama Wanne, Fuoni

Waaleykum salaam mwanangu. Pole sana. Nenda spitali, usingoje.

Mie niling'oa nikiwa na mimba ya huyu wangu wa tatu, sasa yumo darasa la nne anashindana na kaka zake kupanda miembe. Nilipoingia tu nikasema "nina mimba", wakaomba kadi ya kliniki, wakatazama presha na wingi wa damu, ndipo nikakaa kwenye kiti. Kile kiti kinalala nyuma, na tumbo lilikuwa limeshakuwa kubwa, nikaanza kuona kizunguzungu. Yule daktari, kijana mdogo tu, akaniomba kanga niliyojitanda juu ya buibui, akaikunja akaitia chini ya nyonga yangu ya kulia ili nilalie ubavu wa kushoto kidogo. Kizunguzungu kikaondoka palepale. Sindano inachoma, sitokudanganya, lakini ni mchomo mmoja, kisha mdomo unakuwa mzito hujui kama ni wako. Jino lenyewe nilisikia linavutwa tu, maumivu hakuna.

Nahodha wa Kojani

Dada, mie si mtaalamu lakini nakushauri usubiri. Imebaki miezi minne tu. Sukutua maji ya chumvi, tia karafuu, usilalie upande huo. Wazee wetu hawakuwa na madaktari wa meno na walizaa salama.

Mama Wanne, Fuoni

Nahodha, wazee hao wengine walizikwa na meno yao mabovu na hatukuambiwa waliugua nini. Miezi minne ya kutolala usiku umeshawahi kuipitia wewe?

Bi Mdogo wa Makunduchi

Mimi naogopa kumwambia aende. Shoga yangu aling'oa jino mimba ikiwa changa, baada ya muda ikaharibika. Mpaka leo hajui sababu. Bora mtu awe mwangalifu.

Tabibu Meno

Nafanya kazi ya meno katika spitali ya umma hapa Zanzibar, wajawazito ni wageni wangu wa kila wiki. Binti Konde, nakujibu wewe kwanza, Bi Mdogo nitarudi kwako.

Shavu kujaa na usaha kutoka maana yake ubovu wa jino umeshafika kwenye mzizi na kuna uambukizo. Hilo halingoji kuzaa. Kwa jino la kawaida ambalo halina haraka, muda mzuri wa kulishughulikia ni huu huu ulionao, kuanzia mwezi wa nne hadi wa sita. Kichefuchefu cha mwanzo kimepungua na tumbo bado halijawa zito kiasi cha kukuchosha kitini. Lakini jino lenye usaha linatibiwa mwezi wowote, hata wa tisa.

Ganzi tunayotumia ni lidokeini, mara nyingi imechanganywa na adrenalini kidogo sana ili ibaki palepale na damu isitoke nyingi. Hutumika kwa wajawazito duniani kote. Mavyaa ana haki ya kuogopa damu, lakini damu ya jino inakata kwa mwenye mimba kama kwa mtu mwengine: unauma pamba nusu saa bila ya kuitazamatazama kila dakika, siku hiyo husukutui wala hutemi mate kwa nguvu. Ndio maana tunataka kadi ya kliniki, tujue presha, wingi wa damu na dawa unazotumia. Picha ya jino ikihitajika usiikatae. Mionzi yake ni midogo mno na inaelekezwa mdomoni, sio tumboni.

Vidonge vya wifi virudishe. Diklofenaki, ibuprofeni na jamii yake zinaweza kuathiri figo za mtoto na kupunguza maji anayoogelea, khasa kuanzia wiki ya 20, nawe ndio uko hapo hapo. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa tahadhari hiyo mwaka 2020. Mimba ikikaribia mwisho kuna khatari nyengine tena, ule mshipa karibu na moyo wa mtoto unaotakiwa kuwa wazi mpaka azaliwe unaweza kuziba kabla ya wakati. Kwa maumivu tumia parasetamoli, kwa kipimo kilichoandikwa. Usiende duka la dawa kununua vidonge vya usaha kwa kukisia. Amoksilini mjamzito anapewa bila ya shida kama hana mzio nayo, lakini tetrasaiklini na doksisaiklini hatupi, zinatia rangi meno ya mtoto yanayoumbika sasa hivi ndani ya ufizi wake. Na ujue kwamba vidonge peke yake havitibu. Vinazima moto, jino likibaki moto unawaka tena.

Nenda leo, sio wiki ijayo, ukiona uvimbe unapanda kuelekea jicho au unashuka chini ya taya, ukipata homa, ukishindwa kufungua mdomo, ukimeza mate kwa tabu. Hapo usijali kama ni usiku wala usingoje kliniki ya meno, ingia mapokezi ya dharura.

Kutoka Konde, Micheweni na Wete ndizo karibu nawe. Uliza kwanza kama daktari wa meno yupo siku hiyo usije ukapanda gari bure, na mimba hiyo.

Tabibu Meno

Bi Mdogo, namwombea shoga yako subira. Mimba changa nyingi huharibika zenyewe, sababu kubwa ni kasoro katika kuumbika kwa kilichomo, na mama huwa hajafanya kosa lolote. Jambo likija baada ya jengine tunaliunganisha, ni tabia ya binadamu. Mimi ninachojua ni kwamba uambukizo unaoachwa usambae, wenye homa kali, ndio wa kuogopwa.

Binti Konde

Ahsanteni mno. Tabibu, Allah akulipe. Nitampigia mama anisindikize kesho asubuhi. Usiku huu je, mafuta ya karafuu nitie au nayo ni khatari?

Mchumaji wa Wawi

Hapo pangu. Mie nimekulia Wawi, kiwanda cha kukamua mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu) kipo palepale, upepo ukigeuka mtaa mzima unanukia.

Mafuta hayo yana nguvu kuliko watu wanavyodhani. Kile kinachotia ganzi kinaitwa yujenoli, na madaktari wa meno wenyewe hukichanganya na unga wa zinki kuzibia jino kwa muda. Ndio ile harufu unayoisikia ukiingia chumbani kwao ukadhani umefika kwenu msimu wa karafuu. Lakini wao wanajua wanatia wapi. Huku kwetu mtu anachovya pamba mpaka inachuruzika, anaibana kati ya shavu na ufizi, analala nayo. Asubuhi shavu la ndani limekuwa jeupe linachunika, sasa ana jino na kidonda. Nimeliona kwa dada yangu.

Ukitaka kutia, chukua pamba ndogo ya kichwa cha kijiti cha kiberiti, tia tone moja, ikamue, iweke ndani ya tundu la jino tu, isiguse ufizi, na usimeze mate yake. Au tafuna karafuu kavu moja kwa upande huo, ndio salama zaidi.

Tabibu Meno

Mchumaji kasema sawa. Kwa mjamzito mimi napendelea hiyo karafuu kavu au maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Mafuta yenyewe ni makali, na yakimezwa mengi yanaumiza ini. Lala kichwa kikiwa juu, mito miwili au mitatu, kupwita kutapungua. Usikande shavu kwa kitu cha moto.

Chuku Chuku

Samahani naingilia. Mie nina miezi mitatu, natapika kutwa na nikishatapika nakimbilia mswaki maana siwezi ile ladha. Sasa meno yananikwaruza. Na bibi yangu anasema kila mtoto anaondoka na jino la mama kwa kuwa anachukua chokaa ya meno. Ni kweli? Tena nakula udongo, msinicheke.

Mama Wanne, Fuoni

Nani akucheke? Mie nilikuwa natafuna mchele mbichi usiku wa manane, bwana akidhani panya.

Tabibu Meno

Chuku Chuku, usipige mswaki papo hapo. Tindikali ya tumbo inalainisha jino, na mswaki unalikwangua likiwa laini. Sukutua kwanza na glasi ya maji uliyotia kijiko kidogo cha magadi ya kupikia mikate (ile baking soda, sio magadi ya mawe), kisha ngoja nusu saa au zaidi ndio upige mswaki. Harufu ya dawa ya meno ikikutapisha badilisha, tafuta isiyo na mnanaa mkali, ila iwe na floraidi. Msuaki wa mti ni mzuri na ni sunna, lakini magego ya nyuma haufiki vizuri.

Bibi yako kaona jambo la kweli kalipa sababu nyengine. Kina mama wengi hupoteza meno wakati wa uzazi, hilo lipo. Lakini jino likishakomaa halitoi chokaa yake kumpa mtu. Mtoto akikosa kwenye chakula anachukua katika mifupa ya mama. Meno yanaharibika kwa matapishi, kwa kula kidogo kidogo kutwa nzima vitu vitamu na vikali (ubuyu, kashata, maembe mabichi ya pilipili, mnajijua), na kwa kuacha mswaki kwa sababu fizi zinatoka damu. Damu hiyo ni homoni za mimba zinazofanya fizi zivimbe kwa uchafu mdogo tu. Ukiacha mswaki unaongeza.

Udongo una mchanga, unasaga meno, na unaweza kukupa minyoo. Waambie kliniki kwamba unautamani, wakupime damu. Mara nyingi hamu hiyo inakwenda pamoja na upungufu wa madini ya chuma.

Nahodha wa Kojani

Nimesoma yote. Naondoa ushauri wangu wa juu. Mke wangu naye ana mimba na nilimwambia hivyo hivyo.

Binti Konde

Nimerudi. Nilikwenda na mama, jino limetoka alhamdulillah. Walinitoa usaha kwanza, wakanipa ganzi na amoksilini ya kumalizia nyumbani. Kanga niliibeba na sikuisubiri niombwe. Mtoto alicheza muda wote nimekaa kwenye kile kiti, nikaona anacheka mashaka yangu. Mavyaa aliponiona narudi natembea kwa miguu yangu alinyamaza, kisha akanipikia uji wa mtama akaupoza mwenyewe. Hatukulizungumza tena. Shavu limeshashuka.

Tabibu, daktari kaniambia nirudi kusafishwa ukoga. Na kaniona na kinyama chekundu kati ya meno ya mbele, kidogo kama punje ya mtama, nikikigusa kinatoa damu. Kanambia tusikikate. Kwa nini?

Tabibu Meno

Alhamdulillah. Kusafishwa nenda, ni salama na ndiko kutakakopunguza hiyo damu. Utasikia watu wanasema fizi mbovu zinaleta uzazi wa njiti. Uhusiano umeonekana katika tafiti, lakini kutibu fizi wakati wa mimba hakujathibitishwa kuzuia njiti. Kwa hiyo mimi sikutishi kwa hilo. Safisha kwa sababu zinauma na zinaoza.

Kinyama hicho kinaota kwa baadhi ya wajawazito, pale penye ukoga. Sio saratani. Tukikikata sasa, damu inatoka nyingi na mara nyingi kinaota tena kwa kuwa homoni bado zipo. Ukishazaa kwa kawaida kinanywea chenyewe. Kikikua mpaka kikazuia kula, au kikitoka damu isiyokata, rudi tukiondoe hata kabla ya kuzaa. Ukizaa kikabaki miezi kadhaa, njoo tukitazame.

Chuku Chuku

Tabibu, hiyo baking soda nisukutue mara ngapi kwa siku? Natapika hata mara sita.

Tabibu Meno

Kila ukitapika, haina madhara ilimradi unaitema humezi. Ukiwa huna, maji matupu pia yanasaidia. Na kama hata maji hayakai tumboni, au mkojo umekuwa mchache na mweusi, hilo si la meno tena, nenda kliniki ya wazazi leo wakutie maji.