Tupeane uzoefu: kifaa kimelala, ramani inadanganya

Nyalenda B: Jana watu walizingira lori hapa Kondele, Kisumu, wakisema simu ya mtu "inaonyesha" iko ndani. Haikuwamo. Ni nani hapa ameshawahi kupelekwa sipo na kidoti cha ramani? Tupeane.

Mfugaji Njoro: Yangu ni ya ng'ombe. Niliuziwa kola ya shingoni, nikaambiwa betri itadumu. Itakosaje kudumu? Inaamka kila baada ya saa sita, inasema iko wapi, inalala tena. Asubuhi simu inaniambia ng'ombe yuko bomani, na jirani amesimama mlangoni ameshika kabichi yenye alama za meno.

Mama Wawili: Pole baba. Hii ni kweli kabisa.

Dere Mamboleo: Ya ng'ombe ni raha. Sikieni ya pikipiki. Ilikuwa ya kaka yangu, mkopo bado analipa. Asubuhi tunakuta mnyororo umekatwa. Traka, kile kifaa cha kuifuatilia, iliwekwa ilale ili betri yake isiishe, iamke ikitikiswa. Iliamka, sikatai, lakini wakati huo pikipiki ilikuwa imeshapandishwa lori, juu yake mabati. Haioni anga, kwa hivyo GPS ya setilaiti hakuna. Ikashika mnara wa simu. Na mnara haukupi kidoti, unakupa duara. Duara lenyewe lilikuwa limemeza nusu ya Mamboleo, ila programu inachoma pini katikati, na katikati palikuwa na geti la bluu la mzee mmoja mstaafu.

Vijana wa stendi wakajaa. Mawe. Mmoja ana petroli kwenye chupa ya soda, jameni, nimeiona kwa macho yangu. Geti likang'oka bawaba. Mzee akatoka na shuka kiunoni, neno halimtoki. Mkewe ndiye aliyesimama mbele: "Ingieni mtafute. Lakini mmoja mmoja, na viatu mvue." Hiyo ya viatu ndiyo ilituokoa sote. Watu wakaanza kuangaliana miguu. Mwenye chupa akaiweka chini, akavua kweli, akaingia, akatoka mikono mitupu.

Kaka anafungua programu, anafunga, anafungua. Mara pini ikaruka: Yala. Kimya. Halafu Bumala, sasa kidoti kamili, maana ilikuwa imeshushwa. Tukapigia wenzetu wa stendi ya Bumala, wakaikuta nyuma ya duka la mahindi ikingoja giza ivushwe mpaka wa Busia. Taa moja imevunjika. Mwizi hajaonekana mpaka leo.

Mama Wawili: Huyo mama apewe kata nzima aongoze.

Nyalenda B: Petroli?? Na duara tu?

Hunitishi: Mngeuliza kampuni za simu. Wanajua uko wapi kila sekunde, hata ukizima.

Fundi Laini: Kila sekunde hapana, ndugu. Simu ikiwa mfukoni haina kazi, mtandao unajua eneo lenye minara mingi, haujui uko kwenye mnara upi. Ukipigiwa, minara yote ya eneo hilo inakuita kwa pamoja, kama mama anayeita mtoto kijiji kizima. Simu nayo inatega sikio mara moja moja, kwa kawaida kila sekunde 1.28, ikisikia jina lake inaitika. Ukivuka eneo inajiripoti yenyewe. Usipovuka, inajiripoti kipima muda kikiisha, na cha kawaida cha 4G ni dakika 54. Hapo katikati hakuna anayejua, na ndiyo maana chaji inafika jioni.

Hunitishi: Wewe wanakulipa.

Fundi Laini: Wangenilipa ningekuwa nabadilisha soketi za chaji kwenye jua hili?

Hunitishi: Na iPhone iliyozimwa inaonekanaje?

Fundi Laini: Hapo umenipata nusu. Kuanzia iOS 15, ile programu endeshi ya iPhone, iPhone 11 na za baadaye, toa zile za SE, hata zikizimwa zinaendelea kurusha Bluetooth kidogo, na vifaa vya Apple vya wapita njia ndivyo vinavyopeleka habari. Mnara haumo. Na kwetu Seme huyo mpita njia utamngoja sana.

Ja-Usenge: Nyinyi wa nchi kavu mna bahati. Ukiacha Usenge uelekee visiwa vya Ziwa Victoria, simu inahangaika kutafuta mnara, mara inashika wa Uganda, inakukaribisha. Chaji inaisha kabla nyavu hazijaloa. Dawa ni kuweka simu hali ya ndege. GPS inapokea tu kutoka kwa setilaiti, haitumi kitu, kwa hivyo kwenye simu nyingi ramani inaendelea.

Mama Wawili: Na injini ikizima utapigiwa na nani? Mume wangu ni mvuvi, usimfundishe hivyo!

Ja-Usenge: Mama, simu iliyokufa pia haipigiwi.

Lanet Mpya: Beba kabambe, simu ndogo ya vitufe, iwe ya pili, izime, funga kwa nailoni. Kesi imeisha.

Nyalenda B: Fundi, hakuna kifaa kinacholala huku kikijua kiko wapi?

Fundi Laini: Kinakuja. Kanuni za 5G za 2022, toleo liitwalo Release 17, ziliruhusu kifaa kipimwe mahali kilipo bila kuamka kikamilifu. Release 18 ya 2024 ikalenga vifaa vidogo vya kufuatilia mizigo: kosa chini ya mita moja, kipimo kila sekunde 15 hadi 30, betri miezi sita hadi mwaka. Lakini hiyo ni ndani ya jengo lililowekewa mitambo yake, sio Mamboleo. Traka ninazofungua hapa nyingi ni za 2G, na 2G inapima umbali wako na mnara kwa hatua za mita 550 hivi. Mjue hilo kabla ya kubeba mawe.

Dere Mamboleo: Sisi tuliunganisha traka na betri ya pikipiki, hailali tena.

Lanet Mpya: Vibaya. Mwizi anafuata waya, anakata.

Hunitishi: Wekeni mbwa.

Mfugaji Njoro: Kola nauza. Ni ya ng'ombe lakini ukikaza mbwa inamtosha. Nipigieni, ila sio kabla ya saa nne, naenda kulipa kabichi.