Naomba ushauri: mnabashiri vipi mshindi wa Newbery na Caldecott?

Binti Msomaji: Wakuu, habari zenu. Nina klabu ya kusoma ya watoto 12 hapa Minneapolis, umri miaka 10 hadi 13. Tunataka kukaa kama kamati na kupiga kura mapema Januari, kabla hazijatangazwa tuzo hizi mbili za vitabu vya watoto za Marekani: Newbery ya uandishi, Caldecott ya michoro ya vitabu vya picha. Nimekusanya vitabu 40 na kuvipanga kwa wingi wa nyota, yaani alama ambazo majarida ya uhakiki huwapa vitabu vilivyowavutia zaidi. Je, nyota zinatosha? Na kura tuzihesabu vipi zifanane na za kamati yenyewe?

Rafu ya Tatu: Dada, kabla ya nyota, chuja. Newbery inataka mwandishi awe raia au mkazi wa Marekani, na kitabu kiwe kimetoka Marekani kwanza au sambamba na nchi nyingine, kwa Kiingereza, ndani ya mwaka unaoshindaniwa. Mwisho wa umri wa msomaji ni miaka 14. Caldecott inambana mchoraji kwa sharti hilohilo la uraia au ukazi. Kwa hiyo fungua ukurasa wa hakimiliki wa kila kitabu usome mwaka, kisha angalia mwandishi anaishi wapi. Mwingereza anayeishi London hayumo, hata kitabu chake kisifiwe vipi. Tafsiri nazo zitoe, zina tuzo yao inayoitwa Batchelder.

Ila usitoe vitabu vya picha wala vya katuni kwenye orodha ya Newbery. Wengi walivitoa, wakaumbuka: mwaka 2016 kilishinda kitabu cha picha, Last Stop on Market Street, na mwaka 2020 kikashinda New Kid, riwaya ya katuni ya kwanza kuipata medali hiyo.

Mzani: Nyota hazitoshi. Majarida kama Kirkus, Horn Book, Booklist na wenzao wanapima kitabu kimoja kimoja kadiri kinavyotoka, wakati kamati inakiweka mezani kando ya vingine vyote vya mwaka ule. Nyota zitakusaidia kushuka kutoka 40 hadi 15, basi.

Siri iko kwenye hesabu ya kura. Kamati ina watu 15. Kila mmoja anachagua vitabu vitatu: cha kwanza pointi 4, cha pili 3, cha tatu 2. Ili kishinde, kitabu kipate angalau kura 8 za nafasi ya kwanza, na kimzidi anayekifuata kwa pointi 8. Tazama mfano huu wa kubuni:

Kitabu A: kura 8 za kwanza, 3 za pili, 1 ya tatu = 32 + 9 + 2 = 43
Kitabu B: kura 4 za kwanza, 5 za pili, 3 za tatu = 16 + 15 + 6 = 37

A kina wingi wa kamati, lakini tofauti ni 6. Hakuna mshindi. Wanarudi kujadiliana, wanapiga upya. Hapo ndipo kitabu kinachopendwa sana na watu watano na kuchukiwa na wengine kinapozama, na kile ambacho kila mtu anakiweka nafasi ya pili kinapoanza kupanda. Ukibashiri, usiulize tu nani anakipenda. Uliza nani atakikataa, na kwa hoja gani.

Binti Msomaji: Asante sana, Mzani. Sasa sisi tuko 12, namba hizo nizipunguze?

Mzani: Ndiyo. Weka kura 7 za kwanza na tofauti ya pointi 7. Mkikwama, msirudie kura papo hapo. Wapeni dakika kumi za kuzungumzia vile viwili vya juu, kila hoja na ukurasa wake. Na wakumbushe kwamba masharti ya Newbery yanasema wazi tuzo si ya umaarufu wala ya mafunzo ya maadili. Watoto, na sisi wakubwa, tunateleza sana hapo: kitabu kina ujumbe mzuri, basi tunasamehe wahusika wasio na uhai.

Mama Rangi: Kwa Caldecott, shikeni kitabu chenyewe, msihukumu kwenye skrini. Fungueni kurasa mbili kwa pamoja mtazame mshono wa katikati: je, umemeza uso wa mhusika? Tazameni karatasi za ndani ya jalada, maana mchoraji makini huanzia hadithi hapo. Kisha funikeni maneno kwa karatasi nyeupe, mtoto asimulie kwa picha tu. Pa kujifunzia pazuri kwa watoto wetu ni Moja Means One, kitabu cha kuhesabu kwa Kiswahili alichokichora Tom Feelings, kilichopata nafasi ya heshima ya Caldecott mwaka 1972. Jambo Means Hello kikafuata mwaka 1975.

Rafu ya Tatu: Nimesahau vitabu vya mfululizo. Kitabu cha pili au cha tatu lazima kisimame chenyewe, maana kamati haihesabu vilivyotangulia. Mpe mtoto ambaye hajasoma cha kwanza, aandike namba ya kila ukurasa alipokwama. Akikwama mara tatu kabla ya sura ya tano, mimi ningekishusha.