Mwandishi wa miongozo ya programu anapataje heshima kwa wahandisi?

Muulizaji: Wadau, wahandisi wananiletea maelezo siku moja kabla ya toleo kutoka, halafu wananiita "mpamba lugha". Nifanyeje?

Jibu 1: Usisubiri kuletewa. Omba ruhusa ya kusoma msimbo (maandishi ya programu yenyewe) na kuingia kwenye seva ya majaribio. Sakinisha programu kwenye mashine tupu (kompyuta ambayo haijawahi kuwekwa programu hiyo), ufuate mwongozo wenu neno kwa neno. Ukikwama hatua ya 4 kwa sababu faili la mipangilio halikutajwa, fungua tiketi (taarifa ya tatizo kwenye mfumo wa kufuatilia kazi): namba ya toleo, amri uliyoandika, ujumbe wa hitilafu wote kama ulivyo, na ulichotarajia. Mhandisi akipata tiketi ya namna hiyo, atakutafuta mwenyewe.

Jibu 2: Sawa kabisa, ila usiulize "hii inafanyaje kazi?" Hapo unamtwika kazi yako. Soma kwanza, kisha uliza kitu kimoja: "Muda wa kusubiri ukiisha, seva inarudisha 408 au 504?" (namba za hitilafu za muda kuisha). Anajibu papo hapo.

Jibu 3: Andika kwa Markdown (maandishi ya kawaida yenye alama chache za mpangilio), weka kwenye Git (mfumo wa kutunza matoleo ya mafaili), kazi yako ikaguliwe palepale msimbo unapokaguliwa. Badiliko la msimbo lisilo na ukurasa wake wa mwongozo lisiunganishwe. Kwa bosi, usihesabu kurasa, hazimwambii kitu. Linganisha tiketi za wateja kuhusu mada moja, mwezi kabla na mwezi baada ya kuandika upya.

Muulizaji: Kwa mashine tupu, kontena (mazingira madogo yaliyotengwa ndani ya kompyuta) inatosha?

Jibu 1: Kwa amri za terminali, ndiyo. Programu yenye madirisha inataka mashine pepe (kompyuta kamili ya kuigiza ndani ya kompyuta yako). Hifadhi hali yake ya mwanzo, urudi hapo kila jaribio.