Watoto wa dei kea ya nyumbani kupelekwa porini: malezi au uzembe?

Mama Goba: Wakuu habari zenu. Watoto wamelala ndo napata upenyo wa kuandika. Nalea watoto saba hapa kwangu Goba, wa majirani, mkubwa ana miaka minne na nusu, elfu tatu kwa siku na uji juu yangu. Nyuma ya nyumba kuna bonde lina mikorosho na miembe ya zamani, mwenye kiwanja hajajenga na karuhusu, kwa hiyo mara tatu kwa wiki tunaenda huko asubuhi mpaka saa nne, jua halijawa kali. Sina ubao huko, wanaokota majani wanapanga mbegu, juzi kamoja kalikaa na jongoo robo saa nzima kanahesabu miguu, kakifika kumi kanarudi moja maana kumi ndo mwisho wa hesabu zake. Sasa wiki iliyopita mama mmoja kamtoa mwanae, kisa gauni limeingia doa la bibo, eti "nakulipa umlee, sio umrudishe kijijini". Nimekosea wapi?

Kaka Segerea: Umekosea dada. Mtoto siku hizi anafanyiwa intavyuu hata kuingia awali, ataulizwa herufi yeye atajibu miguu ya jongoo? Na siku akishika tandu akidhani jongoo?

mjukuu_wa_babu: Kitu hicho hicho wazungu wanakilipia hela ndefu, shule za msituni walianzisha Wajerumani, sisi tukiona tope tunasema ushamba

Mwl Mstaafu: Kijana, umechanganya. Ya Mjerumani ni chekechea, mwalimu wao Froebel ndiye aliyeipa jina la bustani ya watoto mwaka 1840. Hiyo ya msituni tafuta Denmark. Waingereza wa chuo cha Bridgwater walikwenda kuiona huko 1993 wakarudi nayo kwao.

mjukuu_wa_babu: Denmark basi mwalimu, kwani wao weusi?

Bosi Lady: Denmark hakuna koboko. Na tusidanganyane, huyu sio mwalimu, ni beki tatu mwenye uwanja mkubwa. Ustawi wa Jamii wanamjua? Sheria ya Mtoto ipo tangu 2009, kituo kinasajiliwa.

Mama Goba: Beki tatu?? Nina cheti cha ualimu, nimefundisha Kibaha mpaka nilipojifungua wa pili. Na hata ningekuwa beki tatu, wewe hapo ulilelewa na nani mama yako akiwa kazini?

Fundi Bomba: Bosi Lady futa hilo neno. Mama yangu kafanya kazi za ndani Oysterbay miaka kumi na moja, ada yangu ya veta ilitoka kwenye beseni la nguo za watu

Bosi Lady: Sijasema kazi mbaya, mnakuza mambo.

Fundi Bomba: Kwa hiyo "mwenye uwanja mkubwa" ulikuwa unamsifia

Bosi Lady: Jibuni la usajili kwanza.

Kisarawe Boy: Mnatukanana hatari yenyewe hakuna aliyeitaja. Nimekulia jirani na msitu wa Pugu Kazimzumbwi, nyoka wengi wakisikia vishindo vya watoto wanakimbia wenyewe. Ogopa korosho mbichi, mtoto akivunja ganda kwa meno yale mafuta yanambabua mdomo, atashinda siku kadhaa hanywi hata huo uji. Halafu upupu, ukikauka upepo ukavuma hapakaliki. Mama Goba korosho unaziokota kabla hawajafika? Na saba wote hao bondeni uko na nani, au peke yako?

Mama Goba: Upupu nimefyeka na korosho naziokota mapema kabisa. Ila hilo la beki tatu sijalimeza.

Shangazi wa Tanga: Doa la bibo mwanangu ni limau na chumvi, halafu anika juani.

mjukuu_wa_babu: Shangazi bibo halitoki kwa limau. Bibi alikuwa anasema linaondoka lenyewe msimu wa mabibo ukiisha, mimi shati langu lilisubiri misimu mitatu likaishia kuwa tambara

Shangazi wa Tanga: Uliliacha likakauka wewe.

Kaka Segerea: Kwani si wazazi walete kaptura chakavu ya bondeni? Gauni la sikukuu unampeleka nalo dei kea kufanya nini. Ila mimi kilichonishtua ni hiyo elfu tatu, huku nalipa laki na ishirini kwa mwezi na mtoto anarudi anaimba matangazo ya sabuni.

Fundi Bomba: Si ulisema kakosea

Kaka Segerea: Nimesema intavyuu. Dada nafasi ya yule aliyetolewa ipo? Segerea mpaka Goba mbali lakini mke wangu anafanya kazi Mbezi.

Mama Goba: Ngoja wameamka. Muulizie kwanza kwa Bosi Lady kama beki tatu anaruhusiwa kupokea wateja.

Kisarawe Boy: Hujanijibu. Uko na nani bondeni?