MJADALA: Uzamili wa elimu maalumu unamrudishia nini mtoto wa kitengo?

Kitengo Namba Moja (mwanzisha mada)

Wadau, tujadili jambo moja tu. Mwalimu ana shahada ya elimu maalumu, amepangwa kitengo (darasa maalumu ndani ya shule ya kawaida) cha viziwi, cha wasioona au cha ulemavu wa akili, anaomba kwenda uzamili. Halmashauri imgharamie?

Wanaosema ndiyo wanashika Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010 na Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi 2021/22–2025/26: watoto wanaandikishwa shule za kawaida, kwa hiyo wataalamu waongezwe. Mimi napinga. Kwa ngazi za mishahara ya walimu, wa cheti yuko TGTS B, wa stashahada C, wa shahada D. Akijiendeleza kati ya hatua hizo, anajua anasubiri barua ya kubadilishiwa muundo. Uzamili hauna njia iliyonyooka namna hiyo kwa anayebaki na chaki. Faida yake iko nje ya darasa: ukufunzi wa chuo cha ualimu, uthibiti ubora, ofisi ya elimu maalumu ya halmashauri, uhadhiri. Tunalipa karo ili kitengo kipungukiwe mwalimu, wakati fedha hiyo ingenunua mashine za Perkins na karatasi nzito za nundu (maandishi ya wasioona, breli).

Nukta Sita

Naunga mkono, ila sababu yangu ni nyingine. Kitengo cha wasioona hakiangushwi na nadharia. Kinaanguka kwenye kibao na stailasi, vifaa vya kutobolea nundu kwa mkono.

Mtoto anatoboa kutoka kulia kwenda kushoto, halafu anageuza karatasi na kuisoma kutoka kushoto. Maana yake kila herufi inatobolewa kinyume. Nukta 1 hadi 3 ziko kushoto, 4 hadi 6 kulia. Herufi e ni nukta 1 na 5. I ni nukta 2 na 4. Moja ni sura ya mwenzake kwenye kioo. Ndivyo zilivyo d na f, h na j, r na w. Mtoto aliyekusudia d ikasomeka f hana uzito wa kuelewa, amekosea upande. Mwalimu asiyesoma nundu mwenyewe hawezi kuliona hilo. Anaandika kwenye ripoti "mwanafunzi ana shida ya kujifunza", na ripoti hiyo inamfuata mtoto mpaka darasa la saba. Kwenye Perkins kosa hili halitokei, maana herufi inatoka upande wake. Sasa aliyefundishwa mashine peke yake huwa bubu siku funguo zinapokwama kwa vumbi.

Njoo kwenye hesabu. Kwa utaratibu wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) uzamili hauwi chini ya krediti 180, na krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Hizo ni saa 1,800. Chukua mtaala wa programu unayoitaka, kaa na kalamu, uhesabu ni saa ngapi anakaa na mtoto. Toa tasnifu, toa mbinu za utafiti, toa falsafa, toa uongozi. Kinachobaki unaweza kukikuta kimefundishwa vizuri zaidi kwenye stashahada ya Patandi, chuo cha ualimu wa elimu maalumu.

Sikio la Kushoto

Mkuu Nukta Sita, kwa nundu umesema kweli. Ila hamia kwa viziwi uone hoja inavyogeuka.

Mtoto analetwa na karatasi ya hospitali ya kipimo cha usikivu: duara jekundu ni sikio la kulia, alama ya X ya bluu ni la kushoto. Tuseme sikio lake lililo bora linasoma desibeli 20 kwenye 500 Hz, 25 kwenye 1,000, 55 kwenye 2,000 na 70 kwenye 4,000. Wastani ni 42.5. Kwa madaraja ya Shirika la Afya Duniani ya 2021, kuanzia 35 hadi chini ya 50 ni upungufu wa kati. Ukiishia kwenye wastani utasema anasikia, na kweli, ukimwita jina anageuka. Sasa angalia mstari ulivyoporomoka upande wa kulia wa karatasi, kwenye sauti nyembamba. Huko ndiko zinakokaa s, f, sh na sehemu kubwa ya t na k. Irabu anazipata zote. "Fika" na "shika" zinamjia kama neno moja. "Sitaki" inamfikia "itaki". Yaani kukanusha kwa nafsi ya kwanza kunamponyoka, kisha mwalimu wa Kiswahili anamchapia alama ya kosa kwenye sarufi.

Kutoka hapo unapanga: akae wapi, uso wa mwalimu upate mwanga, dirisha lisiwe nyuma ya mwalimu. Kwa hesabu ya mahali pa wazi, umbali ukiongezeka maradufu sauti hupungua kama desibeli 6. Anayefundisha mita 4 badala ya mita 1 ametupa desibeli 12, na mtoto huyu hana za kutupa.

Kitengo Namba Moja

Hiyo ni semina ya wiki mbili, ndugu yangu. Haihitaji miaka miwili na joho.

Sikio la Kushoto

Kusoma karatasi, sawa, semina inatosha. Nani atakayetunga orodha ya maneno ya Kiswahili ya kupimia usikivu wa maneno, aijaribu kwa watoto wanaosikia wa umri mbalimbali, atafute wastani wao, ndipo ampime nayo kiziwi? Na hao wa ulemavu wa akili tunawapimaje? Kipimo cha akili kilichowekewa viwango kwa watoto wa Marekani ukikitafsiri, maswali yanakuwa ya Kiswahili, alama zinabaki za Marekani. Mtoto anapelekwa kitengoni kwa namba isiyomhusu. Kazi ya kurekebisha hilo ndiyo kazi ya uzamili, na haifanyiki kwa semina.

Msimamizi wa Tasnifu

Mnabishana kuhusu uzamili kana kwamba kila tasnifu inafanya anachosema Sikio. Haifanyi. Mada inayorudi kila mwaka ni "mtazamo wa walimu kuhusu elimu jumuishi katika wilaya fulani". Dodoso, walimu 60, asilimia, mapendekezo kwamba serikali iongeze vifaa. Mtoto hayumo kabisa.

Au ikiwa yumo, kuna kosa la pili: mtafiti ana wanafunzi 9, anawagawa makundi mawili, anapiga chi-mraba, kipimo cha takwimu cha kulinganisha makundi. Kwa idadi hiyo visanduku vingi vinatarajiwa kuwa na chini ya watu 5, na jibu halina maana hata programu ya takwimu ikilichapa kwa nyota mbili za kuonyesha tofauti ni ya kweli.

Kitengo kidogo kina muundo wake wa utafiti, nao ni mzuri kuliko dodoso. Chukua watoto 3. Mpime kila mmoja maneno ya nundu anayosoma kwa dakika, kwa vipindi visivyopungua 5, kabla hujabadilisha chochote. Mstari ukitulia kwa mtoto wa kwanza, mwanzishie mbinu mpya. Wawili wengine waendelee kupimwa tu. Wa kwanza akionyesha mabadiliko, ingia kwa wa pili, kisha wa tatu. Kila mmoja akipanda pale tu mbinu ilipomfikia, una maonyesho matatu ya kwamba mbinu ndiyo iliyofanya kazi. Asitumie ule muundo wa kuondoa mbinu ili aone kama mtoto atashuka: kusoma hakuondoki kama dawa, na hata kungeondoka, ni dhambi.

Mtafiti anavyokwama: anaanza na vipindi 2 vya mwanzo kwa sababu muhula unaisha, au anampima mtoto kwa kifungu kilekile kila siku, mtoto anakikariri. Andaa vifungu 20 vya urefu mmoja kabla ya kwenda shule. Na mtu wa pili asikilize angalau sehemu ya vipindi, mlinganishe hesabu zenu.

Kwa hiyo jibu langu kwa mwanzisha mada: halmashauri isigharamie uzamili. Igharamie andiko. Mwalimu alete kurasa mbili, aonyeshe ni watoto gani wa kitengo chake watakaopimwa. Asipoweza, ajilipie.

Mwalimu wa Pwani (Mombasa)

Ruhusa niingilie kutoka upande wa pili wa mpaka. Kenya tuna KISE (taasisi ya taifa ya elimu maalumu) tangu 1986 kwa stashahada, na uzamili unapatikana Kenyatta na Maseno. TSC yetu, tume inayoajiri walimu, hulipa posho ya elimu maalumu kwa anayehudumu kwa wanafunzi hao, lakini ukirudi na uzamili usitarajie kupandishwa kwa sababu ya cheti: miongozo ya 2018 hutazama nafasi, usaili na muda uliokaa katika gredi. Kwa hivyo hofu ya mwanzisha mada tunaijua vizuri.

Ila nawatahadharisha wanaofikiria kuvuka kuja kusoma kwetu au kwenda Kyambogo, Uganda, ambako UNISE, taasisi yao ya elimu maalumu, iliunganishwa 2003. Kozi za nadharia mtabeba. Lugha hamtabeba. Lugha ya Ishara ya Kenya, iliyotajwa kwenye Katiba ya 2010, si Lugha ya Alama ya Tanzania, na ya Uganda nayo ni lugha nyingine. Mtu akifaulu ishara Nairobi kisha akasimama mbele ya viziwi wa Tabora, yeye ndiye mgeni. Uliza mapema kama chuo kitakuruhusu ufanye mazoezi na tasnifu nyumbani.

Nukta Sita

Hapo umegusa penyewe. Na hata nyumbani, kozi ya alama ya krediti 12 ni saa 120, ndani yake zikiwemo za kujisomea. Hakuna anayepata lugha kwa saa 120. Viziwi wazima wa CHAVITA (Chama cha Viziwi Tanzania) ndio walimu wa lugha hiyo, wawe na uzamili au wasiwe nao.

Masjala

Niweke la utaratibu, maana wengi hujikwaa hapa kabla hoja yoyote ya kitaaluma haijafika. Kwanza GPA (wastani wa alama za shahada ya kwanza): isiyofika 2.7 kati ya 5 itakurudisha mlangoni. Pili, barua ya kuomba ruhusa ipite kwa mwalimu mkuu, ikafike kwa Mkurugenzi, na usiondoke kabla jibu halijatoka. Barua ya chuo ya kukubaliwa si ruhusa ya mwajiri. Zaidi ya siku 5 za kutoonekana kazini bila ruhusa zinatosha kufunguliwa shauri la utoro. Tatu, Bodi ya Mikopo kwa sehemu kubwa ni ya shahada ya kwanza, usiweke hesabu zako huko.

Kibali cha utafiti kinaanzia chuoni, kinakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kinashuka halmashauri, kisha shuleni. Fomu ya ridhaa ya mzazi iwe ya Kiswahili chepesi, na mtoto naye aulizwe kwa njia anayoielewa: kwa alama, kwa picha, kwa nundu. Akikataa, mzazi kusaini hakumlazimishi.

Kitengo Namba Moja

Nimesoma yote. Pendekezo la kurasa mbili la Msimamizi nalikubali kwa sharti moja: halmashauri iandike kwenye barua ya ruhusa jina la mwalimu atakayeshika kitengo miaka hiyo miwili, na awe anajua nundu au alama, si mwalimu yeyote aliyekuwa na vipindi vichache. Akikosekana mtu wa kuandikwa hapo, ruhusa isitoke. Msimamizi, unapinga?

Msimamizi wa Tasnifu

Sipingi. Ongeza tu kwamba wakabidhiane kwa wiki mbili, wote wawili wakiwa darasani, kabla basi halijaondoka.