MREJESHO: Uvimbe wa mama na zile grei 12

Assalam aleikum jamaa. Niliuliza kama grei 12 za mionzi (grei ni kizio cha kupimia mionzi), kwa mkupuo mmoja, zitautosha uvimbe wa mama kwenye neva ya kusikia, maana tulisikia zamani walipiga hata 16 au 20. Mama keshapigwa hiyo mionzi, tumerudi Lamu salama, alhamdulillahi.

Daktari alituonyesha kwenye skrini: hizo 12 ni za ukingoni mwa uvimbe, katikati mionzi ni mikali zaidi. Vile vipimo vikubwa vilikuwa vikiumiza neva ya uso, mdomo unakwenda upande, na usikivu unapotea. Ndiyo maana kufikia miaka ya 1990 vilishushwa. Na bado 12 au 13 huzuia uvimbe kukua kwa zaidi ya wagonjwa 9 katika 10. Hapo ndipo moyo wangu ulipotulia.

Lakini uvimbe hautoweki, unadumaa tu. Miezi ya mwanzo unaweza hata kufura kidogo, kwa hivyo msishtuke mkiona picha ya MRI. Mama bado anasikiliza simu kwa sikio lile lile, ila akishuka mashua pale gatini lazima ashikwe mkono, kizunguzungu hakijamwacha. Picha nyingine ni baada ya miezi sita, inshallah nitawaarifu.