Mjadala: Kati ya gari la umeme na la petroli, lipi la kuogopwa zaidi hapa Mwanza?

Ndugu wanamjadala, mwenzetu wa Igoma ameleta hoja kwamba gari la umeme ni bomu linalotembea, na kwamba kamwe hataruhusu lilale ndani ya uzio wa nyumba yake. Wengi wamemuunga mkono. Ninaiheshimu hofu yake, kwa kuwa moto wa betri si jambo la mzaha, lakini ninaomba kumpinga, nikianza na jambo tunaloliona kila siku hapa kando ya ziwa.

Juma lililopita nilikuwa Mwaloni, Kirumba. Hatua chache kutoka kwa mama aliyekuwa akikaanga samaki kwenye jiko la mkaa, kijana aliuza petroli iliyojazwa kwenye chupa za maji ya kunywa. Bodaboda ilifika, dereva akafungua tangi injini ikiwa bado ya moto, na kijana akamimina kupitia shingo ya chupa nyingine iliyokatwa, huku matone yakichuruzika juu ya vyuma. Hakuna aliyeshtuka, hata mimi sikusogea mpaka nilipofikiria baadaye. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini mpaka ukutane na cheche, na petroli hutoa mvuke wa kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse jua la saa nane mchana. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu mkoani Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, na zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Huo ndio moto tuliouzoea, na mazoea yametufanya tuuone kuwa mdogo.

Mwenye shaka na atazame Sweden, ambako mamlaka ya nchi hiyo inayoshughulikia dharura imehesabu moto wa magari. Mwaka 2022, kati ya magari ya umeme na haibridi (yanayotumia mafuta na umeme pamoja) yapatayo 611,000, yaliungua 23. Magari ya petroli na dizeli, yaliyokuwa milioni 4.4 hivi, huungua wastani wa 3,400 kwa mwaka. Ukigawanya, gari la mafuta linawaka takribani mara 20 zaidi. Haki inanilazimu niongeze kwamba magari ya umeme mengi bado ni mapya, na gari lililochakaa huungua kwa urahisi zaidi, kwa hiyo pengo hilo linaweza kupungua miaka ikienda. Hata hivyo sioni namna litakavyogeuka.

Pale mwenzetu anapokuwa na hoja ya kweli ni kwenye tabia ya moto wenyewe. Betri ya litiamu imeundwa kwa seli nyingi zilizobanana. Seli moja ikiharibika, iwe kwa kugongwa au kwa kuchajiwa vibaya, hupata joto ambalo huiwasha jirani yake, na hiyo nayo humpasha wa tatu, mpaka betri nzima inawaka kutoka ndani, mahali ambapo maji hayafiki kwa urahisi. Moshi wake una gesi za sumu. Moto unaweza kuonekana umezimika kisha ukaibuka tena baada ya saa kadhaa au hata siku kadhaa, kwa hiyo gari lililoungua halipaswi kuegeshwa karibu na mengine. Betri zenye chuma na fosfeti hustahimili joto zaidi kuliko zile zenye nikeli, na mnunuzi ana haki ya kuuliza anauziwa ipi. Jeshi letu la Zimamoto na Uokoaji litahitaji maji mengi kuliko lilivyozoea kubeba kwa gari moja la petroli, na litahitaji pia kujua mapema kwamba linaloungua ni la umeme; anayepiga 114 aseme hivyo tangu sentensi ya kwanza.

Kuhusu maji, wapo waliouliza itakuwaje Mto Mirongo ukifurika. Magari ya umeme yaliyowaka Florida baada ya kimbunga Ian, mwaka 2022, yalikuwa yamezama kwenye maji ya bahari, na chumvi ndiyo inayoacha njia ya umeme kupita kati ya seli. Ziwa letu ni la maji baridi, kwa hiyo hatari hiyo ni ndogo kwetu. Bado gari lililozama lisiwashwe kabla fundi hajalikagua.

Hofu yangu kubwa iko kwa fundi huyo. Tayari barabara zetu zimejaa haibridi kutoka Japani, Prius na Aqua, zenye betri za volti zaidi ya 100 na nyaya nene za rangi ya chungwa. Rangi hiyo ni onyo. Toyota inaelekeza kwamba ukishachomoa plagi ya usalama, ile inayokata umeme wa betri, usubiri dakika kumi kabla ya kugusa, ili umeme uliobaki uishe. Ni gereji ngapi za Mabatini na Nyakato zinazosubiri dakika hizo? Nimeona kwa macho yangu kijana akifungua kifuniko cha betri ya haibridi kwa bisibisi ya kawaida, mikono mitupu, pete kidoleni.

Jambo la mwisho ni vivuko. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa mwaka 2025, lakini Kamanga na Ukerewe bado tunavuka kwa maji, magari yakibanana na abiria, na moto ukizuka katikati ya ziwa hakuna pa kukimbilia. Ningependa gari la umeme lenye betri iliyogongwa lisipande kabisa, na lile ambalo betri yake ni nzima lipangwe mwisho, karibu na mlango, mahali panapofikika kwa mpira wa maji. Kanuni hiyo iwahusu pia wanaopanda na madumu ya petroli na kuyaweka chini ya viti. Waliofanya kazi kwenye vivuko, tafadhali tuelezeni: leo hii dumu la namna hiyo likionekana, linaondolewa na nani?